Napoli kwa Macho ya Mwenyeji: Majengo na Sanaa Wanazozipenda Wenyewe

Utangulizi

Jina la Napoli si geni kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Yeyote aliyewahi kutafuta uhakiki wa riwaya na tamthilia zetu amekutana na kazi za marehemu Profesa Elena Bertoncini Zúbková, ambaye kwa miaka mingi alifundisha Kiswahili na fasihi yake katika Chuo Kikuu cha Napoli kiitwacho L'Orientale. Hata hivyo, tunaposoma kazi hizo ni nadra kujiuliza: ni mji wa namna gani huo ambamo vijana wa Kiitaliano hukaa darasani wakinyambua vitenzi vyetu?

Sisi wawili wa idara hii tulipata bahati ya kuutembelea mji huo kwa siku chache. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyezaliwa na kukulia mtaa wa Sanità na ambaye katika ujana wake alijifunza Kiswahili hapohapo Napoli. Siku ya kwanza, baada ya kutukaribisha kahawa, alituuliza: "Walimu, mnataka niwaonyeshe Napoli ya wageni au Napoli yetu?" Tukamjibu kwamba Napoli ya wageni tunaweza kuisoma katika vitabu. Akacheka, akachukua mtandio wake, tukatoka.

Alituonyesha mahali pane tu. Hakukuwa na ikulu hata moja, wala hatukupelekwa kwenye jumba maarufu la makumbusho. Mwanzoni tulidhani ni kwa sababu ya uchache wa muda. Baadaye tulitambua kwamba kila mahali alipotupeleka palikuwa na jambo lilelile: palijengwa, palilindwa au paliokolewa na watu wa mji wenyewe, na hadi leo pana kazi. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza katika makala haya. Mgeni hulipenda jengo kwa uzuri wake; mwenyeji hulipenda kwa sababu analidai na lenyewe linamdai.

Mji uliochimbwa chini ya miguu yake

Kabla ya kuingia katika majengo yenyewe, hatuna budi kueleza kwa ufupi asili ya mji. Wagiriki waliuanzisha takriban mwaka 470 K.K., wakauita Neapolis, yaani "Mji Mpya". Ndilo jina ambalo, baada ya kupita vinywani mwa watu kwa karne zaidi ya 24, limekuwa Napoli. Ni kejeli ya historia kwamba mmoja wa miji mikongwe ya Ulaya bado unaitwa mpya. Wagiriki walipanga barabara tatu ndefu zilizonyooka na kuzikata kwa vichochoro vyembamba, na ramani hiyo haijafutika. Barabara mojawapo huitwa Spaccanapoli, maana yake "ipasuayo Napoli", kwa kuwa ukiitazama kutoka mlimani huonekana kama mpasuko ulioligawa tunda pande mbili. Kutokana na urithi huo, kitovu cha kale cha mji kiliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 1995.

Baada ya Wagiriki walitawala Warumi, kisha wakaja watawala kutoka Bizanti, Wanormani, wafalme wa ukoo wa Anjou kutoka Ufaransa, Wahispania na hatimaye ukoo wa Bourbon, hadi mwaka 1860 mji ulipochukuliwa na majeshi ya kuiunganisha Italia. Takriban wote hao walikuja kutoka nje. Mwenyeji wetu alituambia kwa utani: "Sisi wafalme tulikuwa tunabadilishiwa kama shuka. Kitanda kilibaki kilekile."

Kitanda hicho ni cha mawe. Chini ya Napoli pana mwamba laini wa rangi ya manjano uitwao tufo, uliotokana na mlipuko wa volkano iliyo magharibi mwa mji. Tangu enzi za Wagiriki, fundi aliyetaka kujenga nyumba alichimba chini ya uwanja, akakata matofali ya tufo, akayapandisha juu. Shimo lililobaki liligeuzwa kuwa birika la maji. Kwa hiyo kila nyumba ya kale ina ndugu yake chini ya ardhi, pacha aliyeachwa gizani. Mabirika hayo yaliwanywesha wakazi kwa karne nyingi, hadi baada ya kipindupindu cha mwaka 1884 kilipoua maelfu ya watu na kuulazimisha mji utafute maji safi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mashimo hayo yaligeuzwa kuwa mahandaki ya kujikinga na mabomu. Marehemu mama wa mwenyeji wetu alilala humo mara nyingi akiwa msichana mdogo. Alizoea kusema kwamba alipokuwa chini ndipo alipoujua mji wake vizuri zaidi, kwa sababu huko tajiri na maskini walikaa juu ya jiwe moja.

Santa Chiara: kanisa lililochomwa na ua uliobaki

Mahali pa kwanza palikuwa Santa Chiara, kanisa kubwa pamoja na makao ya watawa lililoanza kujengwa mwaka 1310 kwa amri ya Mfalme Robert wa Anjou na mkewe Sancia. Ni jengo la mtindo wa Kigothi: refu, jembamba, lenye kuta tupu na madirisha marefu. Katika karne ya 18 watawa waliona kwamba utupu huo umepitwa na wakati. Wakalivika kanisa mapambo ya Kibaroki, marumaru za rangi, dhahabu, malaika wa plasta na dari yenye michoro. Watu wa Napoli walilizoea hivyo kwa takriban miaka 200.

Tarehe 4 Agosti 1943 ndege za Marekani ziliupiga mji kwa mabomu. Paa la Santa Chiara liliwaka moto, na mapambo yote yale yakateketea. Baada ya vita palizuka swali ambalo wanahistoria wa sanaa bado hulijadili: je, kanisa lijengwe kama watu walivyolijua, au kama Mfalme Robert alivyoliacha? Wasanifu walichagua la pili. Waliondoa mabaki ya Kibaroki, wakaziacha kuta uchi, na kanisa likafunguliwa tena mwaka 1953.

Tuliposimama ndani tuliuona uzuri wa uamuzi huo. Mwanga unaingia bila kizuizi, na mwishoni kabisa, nyuma ya altare, kuna kaburi la Mfalme Robert lililochongwa na ndugu wawili wa Firenze, Giovanni na Pacio Bertini, likiwa na majeraha ya moto. Mwenyeji wetu alilitazama kwa muda, kisha akasema: "Mimi nalipenda. Lakini mama yangu hakulipenda hadi alipofariki. Kila alipoingia alisema, 'Kanisa langu limekuwa ghala.'" Kauli hiyo ilitufunza jambo. Wataalamu walirudisha kanisa la karne ya 14, lakini hapakuwa na mtu aliye hai aliyepata kuswali humo. Kanisa walilobatizwa wale waliokuwa hai lilikuwa lile lililoungua. Hakuna aliyekosea, na wote wawili walipoteza kitu. Si ajabu kwamba mwaka 1945 ulitungwa wimbo maarufu wa Kinapoli kuhusu Santa Chiara, ambamo mtu aliye mbali anatamani kurudi kwao na wakati huohuo anaogopa atakachokikuta.

Kutoka hapo mwenyeji wetu alitupeleka nyuma, kwenye ua wa ndani. Hapa ndipo tulipoelewa kwa nini alianza na Santa Chiara. Kati ya mwaka 1739 na 1742, msanifu Domenico Antonio Vaccaro alikata njia mbili zinazopishana katikati ya bustani, akazipanga nguzo za pembe nane pande zote, na kati ya nguzo na nguzo akajenga mabaraza ya kukalia. Tunatumia neno mabaraza kwa makusudi, maana msomaji aliyewahi kukaa kwenye baraza la jiwe mbele ya nyumba ya mwambao ataelewa mara moja. Nguzo na mabaraza yote yamefunikwa vigae vilivyochorwa kwa mkono na kuchomwa, kazi ya mafundi Donato na Giuseppe Massa: buluu, manjano na kijani. Kwenye nguzo mizabibu inapanda kwa kujizungusha. Kwenye migongo ya mabaraza kuna wavuvi, wawindaji, watu wachezao ngoma, masoko, mikokoteni na mashua.

Sasa fikiria walioketi hapo. Watawa wa Santa Chiara waliishi kwa kanuni ya kutotoka nje ya kuta. Wengi wao walikuwa mabinti wa koo kubwa walioingia wakiwa wadogo, si wote kwa hiari. Ule mtaa walioukataa au waliokatazwa ndio waliochorewa kwenye vigae, wakaukalia na kuuegemea kila alasiri. Katika michoro yote hiyo, kuna baraza moja ambamo mtawa mwenyewe anaonekana: anawalisha paka. Mwenyeji wetu alituambia kwamba katika Napoli nzima hakuna mchoro aupendao kuliko huo. Alipokuwa mtoto alifikiri paka wale walikuwa wakisubiri aondoke ndipo wale.

Pio Monte: mchoro usiouzwa

Mahali pa pili pako kwenye barabara ya Via dei Tribunali, ndani ya kanisa dogo la pembe nane ambalo mtu anaweza kulipita bila kuliona. Ni kanisa la wakfu uitwao Pio Monte della Misericordia. Historia yake ni ya kusisimua. Mwaka 1601 vijana saba wa koo za kitukufu walianza kukutana kila Ijumaa katika hospitali ya wagonjwa wasiotibika, wakawapelekea chakula. Mwaka uliofuata, 1602, waliunda wakfu rasmi wa kutekeleza matendo saba ya huruma: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwapokea wageni, kuwatembelea wagonjwa, kuwatembelea wafungwa na kuzika wafu. Sita kati ya hayo yanatajwa katika Injili ya Mathayo sura ya 25. La saba, la kuzika, linatokana na kitabu cha Tobiti.

Wakfu ulihitaji picha ya altareni. Wakati huohuo aliingia Napoli mtu mmoja akikimbia. Huyu ni Michelangelo Merisi, ajulikanaye duniani kwa jina la Caravaggio. Mwezi Mei 1606 alimwua mtu katika ugomvi huko Roma, akahukumiwa kifo. Napoli ilikuwa chini ya Hispania, nje ya mkono wa serikali ya Papa, hivyo ilikuwa mahali pa kujificha. Wale vijana hawakumwogopa. Walimpa kazi, na Januari 1607 alikuwa amekwisha kulipwa: dukati 400, fedha nyingi kwa wakati huo.

Kwa kawaida mchoraji aliyetakiwa kuonyesha matendo saba angechora picha saba. Caravaggio aliyasukumiza yote katika kichochoro kimoja cha Napoli, usiku, chini ya mwanga wa mwenge. Upande wa kulia, maiti inatolewa nje, nasi tunaona nyayo zake tu. Karibu yake, binti anamnyonyesha baba yake mzee kupitia nondo za gereza, kisa cha kale cha Kirumi, na hivyo matendo mawili, kulisha na kutembelea wafungwa, yanakamilika katika tendo moja. Upande wa kushoto kijana mwenye upanga anakata joho lake ampe mtu aliyelala uchi. Mwenye nyumba ya wageni anamwonyesha njia msafiri mwenye gamba la baharini kwenye kofia. Nyuma yao Samsoni anakunywa maji kutoka kwenye taya la punda. Juu, malaika wawili wanaanguka karibu kuwagusa watu, na Bikira Maria na Mwanawe wanachungulia kama majirani walio dirishani.

Sisi walimu wa lugha tuliiona picha hiyo kama sentensi changamano iliyobeba vishazi saba bila kumpoteza msomaji. Mwenyeji wetu aliiona kwa namna nyingine. "Hii si Biblia," alisema. "Hiki ni kichochoro chetu usiku. Mtu anafia ghorofa ya pili, chini kuna mlevi, jirani anachungulia, na hakuna anayelala."

Kuna jambo moja zaidi. Mwaka 1613 magavana wa wakfu walipitisha azimio kwamba picha hiyo isiuzwe kwa bei yoyote. Kanisa la kwanza lilipokuwa dogo mno, mahali pake pakajengwa hili la sasa kati ya mwaka 1658 na 1678, kwa ramani ya Francesco Antonio Picchiatti, na picha ikapewa altare kuu. Ghorofani kuna kijidirisha ambacho kupitia kwacho magavana waliweza kuiona wakiwa katika shughuli zao za kugawa misaada. Wakfu huo ungali hai na bado unasaidia wahitaji. Makumbusho mengi duniani yana picha za Caravaggio zilizong'olewa mahali zilipochorewa. Hii haijahama, na kazi iliyochorewa haijasimama.

Nadhiri ya mji

Mahali pa tatu ni ndani ya kanisa kuu la Napoli: kikanisa cha Hazina ya Mtakatifu Januari, ambaye Wanapoli humwita San Gennaro. Askofu huyu, kwa mujibu wa mapokeo, aliuawa karibu na Pozzuoli mwaka 305 katika mateso ya Kaisari Diocletian. Damu yake iliyoganda imehifadhiwa katika chupa mbili ndogo. Mara tatu kwa mwaka, yaani Jumamosi inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Mei, tarehe 19 Septemba na tarehe 16 Desemba, chupa hizo huletwa mbele ya umati, na watu husubiri damu iyeyuke. Ikichelewa, mji huingiwa na hofu.

Tusiloambiwa mara kwa mara ni kwamba kikanisa hiki si mali ya askofu. Ni mali ya mji. Mwezi Januari 1527, Napoli ikiwa imebanwa na tauni na vita, wawakilishi wa wananchi walikwenda mbele ya altare na mthibitishaji wa mikataba, wakaandika nadhiri: mtakatifu akiuokoa mji, wao watamjengea kikanisa kipya. Ni mkataba wa kisheria kati ya mji na mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1,200 kabla yake. Mwaka 1601 iliundwa kamati ya walei ya kuusimamia, na kamati hiyo ipo hadi sasa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1608 chini ya msanifu Francesco Grimaldi, na kikanisa kilizinduliwa mwaka 1646. Ahadi ilichelewa, lakini ilitimizwa.

Ndani yake macho hayajui pa kutua. Kuna sanamu za fedha za watakatifu wasaidizi, zaidi ya 50, zilizopangwa kama wazee wa baraza. Kuna sanamu ya kichwa na mabega ya San Gennaro mwenyewe, ya fedha iliyopakwa dhahabu, iliyotengenezwa mwaka 1305 kwa amri ya Mfalme Charles wa Pili wa Anjou. Kuta na matao yalichorwa na Domenichino, mgeni kutoka Bologna, ambaye wachoraji wenyeji walimwonea wivu na kumtisha, na akafia hapohapo Napoli mwaka 1641 kabla ya kumaliza. Kuba lilikamilishwa na Giovanni Lanfranco mwaka 1643. Kama tunavyoona, mji huu uliweza kumpokea mwuaji kwa mikono miwili na kumsumbua mtu mpole hadi kaburini. Haufai kusifiwa bila kipimo.

Lakini alichotaka tukione mwenyeji wetu ni viti vya mbele. Hapo ndipo hukaa, siku za muujiza, wanawake wazee waitwao "jamaa wa San Gennaro". Wao husali kwa Kinapoli, si kwa Kiitaliano. Damu ikichelewa, husali kwa sauti zaidi. Ikichelewa sana, humgombeza mtakatifu na kumwita "uso wa manjano", kwa sababu ya ile dhahabu ya sanamu. Wageni hushangaa na kudhani ni matusi. Sisi tulikuwa na neno tayari: utani. Ni haki ya ndugu kumkemea ndugu mbele ya watu, haki ambayo mgeni hana. Tulipomweleza mwenyeji wetu maana ya utani kwetu, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwa miaka yote aliyojifunza Kiswahili hakujua kwamba neno hilo lingemwelezea bibi yake.

Sanità: mtaa uliopitwa kwa juu

Mahali pa nne palikuwa kwao mwenyewe. Mtaa wa Sanità uko bondeni, nje ya kuta za kale, mahali ambapo mji ulizika wafu wake tangu enzi za Wagiriki. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa utawala wa Wafaransa, ilijengwa barabara iliyonyooka ya kumpeleka mtawala kwenye jumba la Capodimonte. Ili barabara isiteremke bondeni, lilijengwa daraja juu ya mtaa. Nguzo zake zilikanyaga ua wa makao ya watawa wa Santa Maria della Sanità na kuuharibu. Tangu siku ile wakubwa walipita juu, na Sanità ikabaki chini, imesahauliwa. Lifti ya kuwaunganisha watu wa chini na barabara ilijengwa mwaka 1937, zaidi ya karne moja baadaye.

Pamoja na hayo, daraja hilohilo liliokolewa na watu wa chini. Katika siku nne za uasi wa wananchi dhidi ya jeshi la Wajerumani, tarehe 27 hadi 30 Septemba 1943, Wajerumani walitaka kulilipua. Miongoni mwa waliowazuia alikuwa msichana Maddalena Cerasuolo, mwenye umri wa miaka 23. Tangu mwaka 2011 daraja hilo lina jina lake.

Chini ya mtaa huo kuna makaburi ya San Gennaro, yaliyochongwa ndani ya tufo tangu karne za mwanzo za Ukristo: vyumba vipana kama makanisa, vyenye mashimo ya makaburi ukutani na michoro ya familia zilizozikwa humo. Katika sehemu ya kuzikia maaskofu, mwenyeji wetu alituonyesha picha moja ya vijiwe vya rangi, ya karne ya 5. Ni mtu mwenye uso wa kahawia, ameshika kitabu, anatutazama moja kwa moja. Anaitwa Quodvultdeus, aliyekuwa askofu wa Carthage, nchini Tunisia ya leo. Wavandali walipouteka mji wake mwaka 439, walimpakia yeye na mapadri wake katika merikebu mbovu wakidhani bahari itamaliza kazi. Bahari haikuimaliza. Merikebu zilifika Napoli, mji ukampokea, na alipofariki ulimzika pamoja na maaskofu wake wenyewe na kumchora kama alivyokuwa. Tulisimama mbele ya Mwafrika huyo muda mrefu, tukiwakumbuka vijana wengi wanaovuka bahari hiyohiyo siku hizi katika vyombo vya aina ileile, na tukaona kwamba maelezo hayakuhitajika.

Kwa miaka mingi makaburi haya yalikuwa hayana mtu. Mwaka 2006 vijana wachache wa mtaa, wengi wao wakiwa hawana ajira, waliunda ushirika uitwao La Paranza. Walisafisha, wakaweka taa, wakajifunza historia na lugha za kigeni, wakaanza kuwatembeza wageni. Idadi ya wageni ilipanda kutoka elfu chache kwa mwaka hadi kuzidi laki moja kabla ya mwaka 2020. Mtaa uliopitwa kwa juu sasa watu wanateremka kuutafuta.

Mwenyeji wetu alifurahi kutueleza hayo, lakini hakuficha wasiwasi wake. Wageni wakiwa wengi, wenye nyumba katika mji wa kale huona faida kuwapangisha watalii kwa siku kuliko majirani kwa mwaka. Katika ngazi ya nyumba yake aliwahesabu waliohama kwa vidole vya mkono mmoja, kisha akahitaji mkono wa pili. "Vigae vya Santa Chiara vitabaki," alisema. "Lakini nani atawagombeza watakatifu?"

Hitimisho

Siku ya mwisho, juu ya Sanità, kwenye mteremko wa Capodimonte, mwenyeji wetu alituonyesha mahali ilipoanzia shule aliyojifunza Kiswahili. Padri Matteo Ripa, aliyefanya kazi ya uchoraji katika ikulu ya mfalme wa China, alirudi Napoli mwaka 1724 akiwa na vijana wanne wa Kichina na mwalimu wao. Mwaka 1732 chuo chake kilitambuliwa rasmi na Papa, na kikajulikana kama Chuo cha Wachina. Kutokana na mbegu hiyo ndogo kimekua Chuo Kikuu cha L'Orientale cha leo, ambamo Kiswahili kimefundishwa kwa miongo kadhaa. Kwa maneno mengine, hata sisi tuna baraza letu katika mji ule.

Tumejifunza nini? Kwanza, kwamba jengo halihifadhiwi kwa mawe peke yake. Pio Monte ingeuza picha yake, ingekuwa jengo la kawaida. Kikanisa cha San Gennaro kingekosa wale wanawake, kingebaki ghala la fedha. Pili, kwamba lugha nayo ni hivyohivyo. Kamusi ni vigae. Huhifadhi rangi kwa karne nyingi. Lakini inahitaji mtu wa kukaa barazani na kuongea, kuomba, kukemea na kutania. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo wanafunzi wetu wengi hukutana nacho darasani kwanza, tunapaswa kulizingatia hilo kila tunapoandaa somo.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu wajaribu zoezi moja dogo katika muhula ujao. Kila mwanafunzi achague jengo moja analolipenda kwao, liwe kanisa, msikiti, soko, shule au kituo cha zamani cha reli. Asiandike urefu na mwaka wa kujengwa tu. Amwulize mzee mmoja ni nani aliyelijenga, ni nini kiliwahi kuungua humo, na leo linafanya kazi gani. Kisha aandike kwa Kiswahili kile alichosikia, pamoja na manung'uniko. Maana, kama tulivyofundishwa na yule mama aliyeliita kanisa lake ghala, anayenung'unikia jengo ndiye mwenye jengo.